Denis Burkitt, Daktari wa Jicho Moja Aliyefuata Nyayo za Kansa



Tunataka kuwaeleza maisha ya daktari mmoja aliyekwisha kulala, lakini lazima tuanze na mzee wa kanisa letu, kwa sababu ni yeye aliyetufanya tumtafute daktari huyo. Mzee wetu alianza kwa kukwamwa na bugali. Baadaye hata viazi vilimkwama, akabaki na uji. Alipopimwa kwa fibroskopi, kile kibomba chenye kamera kinachoshushwa kooni, walikuta kansa ya umio, yaani ya njia ya chakula kutoka koo hadi tumbo. Walimwambia ilikuwa bado haijatoka mahali pake. Watoto wake waliuza ng'ombe na kipande cha shamba wakampeleka mbali. Huko alipewa dawa na mionzi, kisha akapasuliwa. Alirudi amekonda, lakini anakula.

Kanisa lilifurahi, na sisi tulifurahi pamoja nalo. Alitoa ushuhuda Jumapili iliyofuata. Katika bahasha yake mlikuwa na karatasi ya tarehe za kurudi kuangaliwa, kila miezi mitatu. Tuliisoma karatasi hiyo, tukairudisha ndani ya bahasha. Hatukumkataza kurudi. Lakini siku ile, mbele ya watu wote, tulisema kwa sauti kubwa kwamba kazi imekwisha kabisa, na mtu aliyesikia maneno hayo kutoka kwa wachungaji wake angeona haya kwenda tena hospitali. Hakurudi. Mwezi wa tisa kilimtokea kivimbe kigumu juu ya mtulinga, upande wa kushoto. Alikuja kutuonyesha sisi kwanza, na sisi hatukujua tulichokuwa tunakitazama.

Baada ya mazishi, swali moja halikutuacha. Je, kansa iliyotibiwa ikiwa mahali pamoja inaweza kujulikana mapema kama itasambaa, na itasambaa kwenda wapi? Kulitafuta jibu kulitufikisha kwa Denis Burkitt. Jina lake mnalijua huenda kwa ugonjwa tu, ile kansa ya mataya ya watoto inayoitwa limfoma ya Burkitt. Hakuwa bingwa wa umio. Lakini katika nchi hizi zetu ni wachache waliouliza kwa bidii kama yeye: ugonjwa huu uko wapi, hauko wapi, na ukiondoka hapa unakwenda wapi?

Alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 karibu na mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Burkitt, alikuwa mhandisi wa serikali, na saa zake za mapumziko alizitumia kwa ndege wadogo wa bustani. Aliwavalisha pete miguuni ili awatambue, akachora ramani ya eneo la kila mmoja. Mtu mzima anayezunguka bustani akiandika ndege gani amelala kwenye mti gani! Majirani huenda walicheka. Wataalamu wa ndege wanamheshimu hadi leo, na mwanawe alikua akiiona kazi hiyo kila siku.

Akiwa na miaka 11, Denis alipigwa jiwe katika ugomvi wa watoto wa shule, akapoteza jicho la kulia. Mwaka 1929 aliingia chuo kikuu cha Trinity, Dublin, kusomea uhandisi kama baba yake. Hapo alijiunga na kikundi cha wanafunzi waliokutana kusali na kusoma Biblia, akampa Kristo maisha yake, na baada ya muda akaona njia yake ni udaktari. Alihitimu mwaka 1935, na mwaka 1938 akapata shahada ya upasuaji huko Edinburgh. Alipoomba kazi ya serikali ya kikoloni katika Afrika Magharibi alikataliwa kwa sababu ya lile jicho. Vita vilipokuja jeshi lilimchukua, na ndipo alipoiona Kenya na Somalia. Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, na Mungu akawapa mabinti watatu.

Mwaka 1946 alipelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda, kwenye hospitali ya vitanda kama 100 na wilaya kubwa ya kuihudumia. Huko aliona jambo ambalo wengine walikuwa wameliona bila kulijali. Wanaume wengi walikuja na mabusha, ule uvimbe wa maji kwenye korodani. Alianza kuwauliza wanatoka wapi. Karibu wote walitoka upande wa mashariki wa wilaya, na magharibi walikuwa nadra. Alichora ramani na kuiandikia makala mwaka 1951. Baadaye ilifahamika kwamba mgawanyiko ule ulifuata minyoo inayoenezwa na mbu. Ilikuwa kazi ndogo, na ugonjwa wenyewe si wa kutisha, lakini mwana wa mchora ramani za ndege alikuwa amepata namna yake ya kufanya kazi.

Wakati huo alikuwa amekwisha kuhamia Kampala, hospitali ya Mulago. Mwaka 1957 mwenzake, Hugh Trowell, alimwita atazame mtoto wa miaka mitano. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba pande zote mbili, taya la juu na la chini, meno yamelegea. Burkitt hakuwahi kuona uvimbe unaoshika pembe zote nne za mataya kwa mara moja. Alimpiga picha, akabaki na swali, na hakuwa na la kumfanyia.

Majuma machache baadaye alikuwa Jinja, amemaliza kuzungukia wagonjwa, akachungulia dirishani na kumwona mtoto mwingine mwenye uso uleule. Alitoka mbio. Safari hii hakuishia usoni. Alimlaza mtoto akampapasa tumbo, akakuta humo vivimbe vingine. Wapendwa, tunaomba msimame kidogo hapa, maana kwetu hapa ndipo penye kiini cha maisha yake. Hadi siku ile, aliyevimba taya alihesabiwa kuwa na ugonjwa wa taya, na aliyevimba tumbo ugonjwa wa tumbo. Burkitt alirudi Mulago akafungua mafaili ya zamani na taarifa za uchunguzi wa maiti, akakuta vivimbe vya mataya, figo, ini na ovari vikifuatana katika watoto walewale. Ulikuwa ugonjwa mmoja unaotembea. Kuanzia hapo daktari aliyeona taya alijua pa kutazama kabla mama hajalalamika kuhusu tumbo. Makala yake ya kwanza ilitoka mwaka 1958, na wataalamu wa hadubini, akiwemo George O'Conor, wakatambua kwamba ni kansa ya chembe za limfu.

Swali la pili likawa lilelile la Lira: watoto hawa wanatoka wapi? Aliandikia hospitali nyingi za Afrika, akaambatisha picha za watoto na kuuliza kama wamewaona wa namna hiyo. Majibu yaliunda mkanda mpana uliopita katikati ya bara, na ndani yake mlikuwa na nafasi tupu. Mwezi wa Oktoba 1961 aliamua kwenda kutafuta ukingo wa mkanda huo kwa macho yake, au tuseme kwa jicho lake. Alifuatana na madaktari wawili wamisionari, Ted Williams wa hospitali ya Kuluva, kule West Nile karibu na mpaka wetu wa kaskazini, na Cliff Nelson. Walinunua gari la Ford lililotumika, wakasafiri majuma 10, kilomita zipatazo 16,000, hadi Afrika Kusini, wakipita karibu hospitali 60. Kila walipofika waliweka picha mezani na kuuliza, kisha jioni wakasali na kulala walipokaribishwa. Wengi waliowajibu walikuwa watu wa hospitali za misheni, ambao hawakuwa na maabara kubwa lakini waliwajua wagonjwa wao.

Waligundua kwamba ugonjwa huo haupendi baridi. Karibu na ikweta ulikuwa nadra juu ya mita 1,500 hivi, na kadiri walivyoshuka kusini mpaka huo ulishuka pia. Milima ya majirani zetu Rwanda na Burundi ilikuwa nafasi tupu kwenye ramani. Sisi watu wa Ngweshe hatuhitaji kufafanuliwa sana. Walungu ya juu tunalala na blanketi mbili, na anayeshuka Kamanyola kwenye uwanda wa Ruzizi anarudi na malaria. Ramani ya kansa ya watoto ilifanana na ramani ya mbu. Leo inakubalika kwamba malaria ya mara kwa mara husaidiana na virusi fulani kuuleta ugonjwa huo. Virusi vyenyewe vilionekana mwaka 1964, baada ya mtafiti wa London, Anthony Epstein, kusikiliza hotuba ya Burkitt mwaka 1961 na kuomba atumiwe vipande vya uvimbe kutoka Kampala kwa ndege.

Hayo ndiyo yaliyompa sifa. Lakini swali la mzee wetu linahusu wakati baada ya matibabu, na hapa pia Burkitt ana la kutufundisha. Uganda haikuwa na mashine ya mionzi wakati huo, na kukata taya zima la mtoto lilikuwa jambo asilotaka kulifanya tena. Wamarekani waliotembelea Afrika Mashariki walimletea dawa mpya za kansa ajaribu, na Nairobi daktari Peter Clifford alikuwa akifanya vivyo hivyo. Burkitt aliwapa watoto vipimo vidogo, wengine sindano moja au mbili tu. Uvimbe uliyeyuka kwa siku chache. Akina mama waliokuja wakilia walirudi nyumbani na mtoto mwenye uso wake wa zamani.

Angeweza kuandika hapo kwamba wamepona. Alijua haitoshi. Mwanzoni wengi walirudi kijijini na habari zao zikapotea, na daktari asiye na habari za mgonjwa wake anaweza kujidanganya kwa pande zote mbili. Watoto walitafutwa. Wengine walikutwa wamezikwa, na wengine walikutwa wakicheza miaka baada ya sindano ile moja. Mwaka 1967 Burkitt alichapisha habari za hao waliodumu muda mrefu, jambo lililowashangaza madaktari wa Ulaya na Marekani, ambao hawakuzoea kutaja dawa na kupona kansa katika sentensi moja.

Mwaka huohuo kituo maalumu kilifunguliwa Mulago chini ya John Ziegler, ambacho ndicho Taasisi ya Kansa ya Uganda ya leo. Burkitt alikuwa amekwisha kurudi Uingereza mwaka 1966. Kwa kuwafuata watoto kwa utaratibu, Ziegler na wenzake waliweza kusema mapema mambo kadhaa. Mwenye uvimbe mdogo wa usoni alikuwa na tumaini kubwa kuliko mwenye tumbo lililojaa. Kansa iliyorudi ndani ya miezi mitatu hivi kwa kawaida ilikuwa ileile iliyobaki, na ilizishinda dawa. Iliyorudi baadaye mara nyingi ilisikia dawa tena. Na ilipenda kurudi kwenye ubongo na maji ya uti wa mgongo, kwa kuwa dawa za mshipani hazifiki huko vizuri, kwa hiyo walianza kuingiza dawa mgongoni. Mtoto aliyepita mwaka wa kwanza na wa pili bila dalili, wazazi wake waliweza kuanza kupumua. Yote haya yalijulikana kwa sababu watu walirudi kuangaliwa, au walifuatwa walipo.

Sasa umio. Burkitt na wenzake wa Kampala waliendelea kukusanya taarifa za kansa za kila aina kutoka hospitali nyingi za Afrika, zikiletwa mwezi kwa mwezi, na mwaka 1971 yeye na Paula Cook walizichapisha pamoja. Kansa ya umio ilionyesha tofauti kali sana. Magharibi mwa Kenya, kando ya Kisumu, ilikuwa nyingi, na kuvuka tu kuingia sehemu kubwa ya Uganda ilikuwa chache. Cook alishuku pombe iliyotengenezwa kwa mahindi. Siku hizi wataalamu wanataja ukanda unaotoka Ethiopia kupitia Afrika Mashariki hadi Afrika Kusini, na wanataja tumbaku, pombe kali, moshi wa jikoni, upungufu wa matunda na mboga, na vinywaji vya moto mno. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa liliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 katika orodha ya vitu vinavyoelekea kuleta kansa hii. Hakuna aliyepata sababu moja iliyo kama mbu wa Burkitt.

Kuhusu kusambaa kwake, madaktari waliotueleza walituanzishia kwenye umbo la umio wenyewe. Hauna ngozi ya nje kama ile inayofunika tumbo na matumbo, na ndani ya ukuta wake mna mifereji mingi ya limfu inayopanda na kushuka. Kwa hiyo chembe za kansa huweza kusafiri mapema, kwenda kwenye tezi za shingo, za kifua na za tumbo, na kwa njia ya damu kwenda kwenye ini, mapafu na mifupa. Kile kivimbe cha mzee wetu juu ya mtulinga kilikuwa tezi ya namna hiyo. Kipo katika vitabu vyao tangu karne ya 19, na sisi tulikipaka mafuta.

Je, wanaweza kutabiri? Hawatumii neno hilo kama tunavyolitumia kanisani. Wanatazama kansa ilizama kiasi gani katika ukuta, tezi ngapi zilikutwa nayo, na chembe zake zimeharibika umbo kiasi gani. Kwa aliyepewa dawa na mionzi kabla ya kupasuliwa, kama mzee wetu, wanatazama pia kama katika kipande kilichotolewa mlikuwa bado na kansa hai. Asiyekutwa na kansa hai wala tezi iliyoguswa ana matumaini makubwa zaidi. Aliyekutwa na tezi nyingi yuko katika hatari, hata akiwa anakula vizuri. Na kurudi kwingi hutokea katika miaka miwili au mitatu ya kwanza, ndiyo maana karatasi husema kila miezi mitatu. Hakuna kati ya hayo kinachomwambia mtu mmoja yeye atakuwaje. Burkitt mwenyewe alizika watoto aliotazamia wapone, na alikuta wazima watoto ambao hakuwatazamia.

Tulipokuwa shule ya theolojia, sura za 13 na 14 za Walawi tulizipita haraka, kama wengi wenu. Tumezisoma upya. Kuhani anatazama doa, anamtenga mtu siku saba, anatazama tena, anaongeza siku saba, anatazama tena. Hata nyumba ikiwa na ukoma ukutani, mawe yanaondolewa, ukuta unakwanguliwa na kupakwa upya, halafu kuhani anarudi kuangalia kama doa limetokea tena baada ya kazi yote ile. Kurudi kuangalia hakukuhesabiwa kuwa ukosefu wa imani. Ilikuwa kazi ya kuhani. Kwa mzee wetu sisi hatukuifanya.

Miaka ya mwisho ya Burkitt ilikwenda kwenye jambo jingine. Aliona kwamba magonjwa mengi ya utumbo yaliyojaa Uingereza alikuwa karibu hajayakuta Uganda, akaamini sababu ni chakula kisicho na makapi, na akazunguka dunia akiwasihi watu wale nafaka isiyokobolewa, maharagwe na mboga. Aliwauliza madaktari wenzake hata uzito wa kinyesi cha wagonjwa wao, bila aibu yoyote. Kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu makapi katika chakula kilisomwa na watu wengi kuliko makala zake zote za kansa. Baadhi ya alichodai kimesimama, na baadhi wataalamu bado wanakijadili. Mwaka 1972 alipewa tuzo ya Lasker kwa kazi ya dawa za kansa, pamoja na Ziegler na wengine, na akaingizwa katika chama cha wanasayansi wakuu wa Uingereza. Waliomjua wanakumbuka kwamba aliendelea kusali na kusoma Biblia kila asubuhi, na kwamba aliwasifu hospitali za misheni zilizomjibu barua kuliko alivyojisifu mwenyewe. Alifariki tarehe 23 Machi 1993, akiwa na miaka 82.

Katika kanisa letu mashemasi sasa wana daftari. Halina siri za ugonjwa, lina jina na tarehe ya kurudi tu, na mwenye jina ndiye anayekubali liandikwe. Jumapili iliyo kabla ya tarehe, mama mmoja shemasi anamkumbusha, na sadaka ya pili ya mwezi inalipa nauli ya kufika Bukavu kwa asiye nayo. Ushuhuda bado tunaupokea kwa furaha. Juzi mama mmoja aliyetolewa uvimbe wa ziwa alimaliza ushuhuda wake, na kabla hajaketi tulimwuliza mbele ya wote anarudi hospitali lini. Alisema siku ya tatu ya juma linalofuata, na watu wawili wakainua mkono kumsindikiza.